Nusu ya mali ya ndoa: nani abebe mzigo wa ushahidi?

Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ndoa peke yake haimpi mume wala mke nusu ya mali. Hapa Kisumu nimewasikia wanaume wakiusifu uamuzi huo kama ushindi wao, na wanawake wakilalamika kwamba wamerudishwa nyuma. Pande zote mbili zinasahau kwamba katika kesi hiyohiyo, iliyohusu mali ya Nairobi, mke alipata nusu yake, kwa kuwa mchango wake ulionekana.

Tumetoka mbali. Hadi 2013 migogoro ya mali ya wanandoa Kenya iliamuliwa kwa sheria ya Uingereza ya 1882. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kuwa mke tu hakumpi mtu fungu katika mali ya mumewe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ndiyo iliyotamka kwamba kulea watoto, kutunza nyumba na kulima shamba ni mchango pia.

Wanaotaka kila mchango upimwe wana hoja nzito, tena si ya wanaume pekee. Fika soko la Kibuye siku ya Jumapili. Kuna akina mama pale wanaofungua marobota ya mitumba kabla hakujapambazuka, wanalipa karo, wananunua ploti, na mume yuko nyumbani hana shughuli. Sheria ya nusu kwa nusu bila maswali ingemnyang'anya mama kama huyo jasho lake.

Lakini kupima kunadai ushahidi. Mke aliyechukua mkopo ana karatasi za benki. Aliyepalilia mahindi Nyakach miaka yote ya ndoa, akachota maji na kumuuguza mama mkwe, ataleta risiti gani? Sheria imeutambua mchango wake, ila haijasema msimu mmoja wa kupalilia ni sawa na mabati mangapi. Hilo ameachiwa hakimu, na kila hakimu ana macho yake.

Kwa maoni yangu hesabu ianzie nusu, na anayeipinga ndiye athibitishe. Mama wa Kibuye ana kumbukumbu za M-Pesa na kitabu cha chama, atajitetea. Wa Nyakach hana kitu cha kushika mkononi.

Hata hivyo, nusu hiyo haitafika katika boma nyingi za huku kwetu. Sheria hiyohiyo ya 2013 inaitenga ardhi inayoshikiliwa kwa amana ya kimila, yaani ile ambayo mtu anaishika kwa niaba ya wengine kufuata mila, na mashamba mengi bado yamo katika jina la babu aliyefariki zamani. Mke anaweza kuchangia kila tofali la nyumba, na ardhi iliyo chini yake ikabaki ya ukoo wa mume. Wabunge wetu wa magharibi wangeanzia hapo, badala ya kubishana kuhusu nusu.