Nyumba natafuta mimi, anayechagua hana meno ya mbele

Jamani mi nilijua kutafuta nyumba ni kuangalia kama maji yanatoka, LUKU ya kujitegemea, choo kiko ndani, basi unabeba godoro. Kumbe ukiwa na mtoto anayetakiwa kuanza la kwanza Januari, nyumba huchagui wewe, anachagua yeye, na hata meno ya mbele hana.

Tunakaa Unga Limited, hapa Arusha, na mwenye nyumba anaitaka nyumba yake, mwanae kaoa. Sawa. Mama watoto akanikalisha chini na daftari akasema hatuhami mpaka tujue huyu mtoto atasoma wapi, uandikishaji unaanza Oktoba mosi. Mi nikajibu kibabe kwamba shule za serikali zimejaa kila kata na ada ilishafutwa zamani, ataingia yoyote tu. Aliniangalia kama anavyoangaliaga nyanya zilizopondeka.

Tukaanza na Muriet. Dalali kila nyumba anasema "shule iko hapo hapo kaka, dakika tano". Dakika tano za nani? Nimetembea mwenyewe na miguu yangu mirefu hii, dakika ishirini na mbili, na katikati kuna korongo. Namuuliza, masika mtoto anavukaje hapa, ananiambia kuna daraja linajengwa. Nikachungulia. Kuna magogo mawili na mbuzi. Na elfu kumi yake ya kunionyesha nyumba ilishaingia mfukoni.

Inglishi midiamu msinitajie, niliuliza ada nikamshukuru mlinzi nikaondoka.

Basi tukapata nyumba Moshono, nzuri, ina na mparachichi uani, shule ziko mbili, ya juu na ya chini. Usiku nikaingia kwenye tovuti ya baraza la mitihani na bando la kukopa niangalie matokeo ya la saba. Zamani si walikuwa wanatangaza shule kumi bora, siku hizi hawatangazi, kwa hiyo baba mzima unakaa saa saba usiku unasoma alama za watoto wa watu mmoja mmoja kama mkaguzi wa saccos. Ya juu ikashinda. Asubuhi nikaenda kuiona, nikachungulia dirisha la darasa la kwanza, utaratibu unasema watoto 45 darasa moja ila mi niliacha kuhesabu kwenye themanini, maana walianza kunisalimia wote kwa pamoja, "shikamooooo", na mwalimu akageuka.

Mwalimu mkuu mama mpole kabisa. "Baba, nafasi tunaanza na watoto wa mtaa huu. Niletee cheti cha kuzaliwa na barua ya mwenyekiti." Nikaenda kwa mwenyekiti. "Barua nampa mkazi, wewe unakaa wapi?" Unga Limited. "Kapange kwanza ndio uje." Nikaenda kwa mwenye nyumba, "lipa miezi sita ndio nikupe funguo". Yani nilipe miezi sita ili niwe mkazi, niwe mkazi ili nipate barua, nipate barua ili niulizie nafasi, na nikiambiwa zimejaa nibaki na mparachichi.

Nikajiongeza. Nikasema si niangalie tu watoto wa njia ile wanaenda shule ipi, na nihesabu hatua kabisa ili mama watoto asinisumbue. Saa kumi na mbili asubuhi niko kona ya duka la mangi, jaketi, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, baridi ya mwezi wa saba ya Arusha mnaijua. Wakatoka watoto, sweta za kijani, mmoja na dumu la maji, mwingine na fagio refu kumzidi, wakapandisha juu. Safi! Nikawafuata kwa mbali, nahesabu kwa sauti ndogo, kichwa chini.

Kwenye mia sita na kitu hivi nasikia, "We baba, unamfuata mtoto wa nani?" Mama wa maandazi, kashika mwiko unachuruzika mafuta. Hapo mtu mwenye akili anasema natafuta nyumba. Mimi nikasema, "Nahesabu."

"Unahesabu watoto?"

Bodaboda wawili wakazima pikipiki. Mangi akatoka dukani na yale mawe ya mzani, sijui ya nini. Nikaanza kueleza habari za barua na hatua na mparachichi, kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozidi kuonekana mwizi wa watoto, hata mimi nilianza kujitilia shaka. Aliyeniokoa ni mwenyekiti, yule yule, kaja na kandambili na shuka begani. Akaniangalia weeee, akasema, "Huyu namjua, ni yule wa barua. Hana akili tu, mwacheni."

Hiyo ndo barua niliyopata kwake, ya mdomo.

Mama wa maandazi akaniomba radhi, akanipa maandazi mawili, akanilipisha. Nikarudi nyumbani natetemeka, sijui baridi sijui nini, namkuta mama watoto na daftari limefunguliwa, kalamu mkononi.

"Enhe, hatua ngapi?"

Nikakuna kichwa. Mia sita na... na... yule mama na mwiko wake bwana.

"Kesho urudie," akasema, na akaandika kabisa.