Skripti si yake, kitabu ni chake

Huenda umetazama filamu alizoziandika John August wa Marekani bila kulijua jina lake: Go ya 1999, Big Fish ya 2003, Aladdin ya 2019. Ndivyo ilivyo kazi ya kuandika skripti, yaani maandishi ambayo filamu hutengenezwa kwayo. Mtazamaji anamjua mwigizaji, akijitahidi sana anamjua mwongozaji. Jina la mwandishi linapita watu wakiwa bado wanatafuta viti. Ila huyu ana blogu ya uandishi wa filamu tangu 2003, anaendesha podikasti ya Scriptnotes na mwenzake Craig Mazin tangu 2011, na kati ya 2018 na 2020 alitoa riwaya tatu za watoto, za mhusika aitwaye Arlo Finch. Wapo wanaouliza kama hayo yote si kutawanya nguvu.

Swali lao lina mashiko. Skripti na riwaya zinataka mikono tofauti. Chukua mwanamke aliyepokea barua ya mumewe. Kwenye riwaya ningekaa naye kurasa tatu: akumbuke mahari, deni la duka, harufu ya koti lililobaki msumarini. Kwenye skripti nina mstari mmoja: "Anaisoma barua, anaikunja, anaisukumia kwenye jiko la mkaa." Basi. Kamera haioni kumbukumbu, na ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja ya filamu. Aliyeishi na ubahili huo miaka ishirini akihamia riwaya, sentensi zake huweza kutoka kavu kama maelekezo ya fundi. Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka.

Lakini wanaosema hivyo hawataji hakimiliki, na kwangu hapo ndipo penye uzito. Hollywood, skripti iliyoagizwa na studio, yaani kampuni ya filamu, ni mali ya studio. Wanaweza kukulipa, kukushukuru, kisha kumpa mwingine aiandike upya; filamu ya Charlie's Angels ya 2000 ina majina matatu ya waandishi, la August likiwa mojawapo. Na usipoondolewa, utasubiri. August aliisoma riwaya ya Big Fish ya Daniel Wallace kabla haijachapishwa mwaka 1998, akaishawishi studio inunue haki zake. Mwongozaji Steven Spielberg akaishika, akaiachia, mwongozaji mwenzake Tim Burton akaichukua, filamu ikatoka 2003. Miaka yote hiyo aliyeandika skripti alikuwa na karatasi tu. Wallace alikuwa na kitabu dukani, chenye jina lake kwenye jalada, filamu itengenezwe isitengenezwe.

Halafu kuna migomo. Mwaka 2023 chama cha waandishi wa filamu na televisheni, WGA, kiligoma siku 148, August mwenyewe akiwa kwenye kamati ya majadiliano. Siku hizo mwanachama hakuruhusiwa kuziandikia studio hata mstari. Riwaya hakuna aliyeikataza.

Blogu ni habari nyingine. Haina malipo ya maana, na inakula saa ambazo zingeandika ukurasa. Hata hivyo naiona imemjenga kuliko hizo riwaya (wasomaji wa Arlo Finch watanisamehe). Ilimkusanyia watu wa fani yake mwenyewe, wakaja kuwa wasikilizaji wa podikasti na wanunuzi wa Highland, programu ya kuandikia skripti iliyotoka kwenye kampuni yake. Umaarufu ambao studio haikumpa aliupata kwa kueleza, bure, jinsi ya kuingia kwenye tukio la filamu kwa kuchelewa na kutoka mapema.

Kinachonitia shaka ni vijana wanaomwiga kwa kuanzia mwisho. Go ilikuwa imeshaonyeshwa miaka minne nyuma alipofungua blogu, kwa hiyo aliposema tukio refu likatwe, watu walikuwa wamekwisha kuona matukio yake. Siku hizi nakutana na kurasa za mafunzo ya skripti, zimepangwa vizuri, zina wafuasi, na mwenye ukurasa hajawahi kumaliza skripti hata moja ya dakika tisini.