Kabla ya kuchomoa kebo ya mashine ya kanda

Ukiitazama kwa juujuu, kazi ya kuiondoa mashine ya kanda, ile inayohifadhi nakala rudufu za data kwenye utepe wa sumaku, ni ya nusu saa. Unaingia kwenye programu ya nakala rudufu, unafuta jina la mashine ya kanda kwenye orodha ya vifaa, unaizima, unachomoa kebo, na raki inabaki na nafasi wazi. Ndiyo maana uamuzi huu hupitishwa kikaoni haraka haraka, katikati ya mambo mengine. Kwangu mimi ni miongoni mwa maamuzi mazito ambayo wasimamizi wa mtandao huyafanya, maana mashine ikishaondoka huenda data ya miaka mingi ikakosa msomaji.

Wanaotaka iondoke wana hoja nzito, na wengi wao ni wale wale wanaokesha nayo. Mashine ya kanda ina mkono wa roboti unaokwama, ina kichwa kinachochakaa na kutaka kusafishwa. Inataka mtu wa kubadilisha kanda, kuzibandika lebo na kuzipeleka kwenye hifadhi. Mtumishi akipoteza faili moja asubuhi, diski humrudishia kwa dakika chache. Kanda lazima itafutwe, ipakiwe, kisha izungushwe mpaka pale faili lilipo, na utepe wa kanda moja ya LTO-8, yaani kizazi cha nane cha kanda za aina ya LTO, una urefu wa mita 960.

Ila lawama moja sikubaliani nayo, ile ya kwamba kanda ni polepole. Draivu ya LTO-8, yaani kile kifaa ndani ya mashine kinachosoma na kuandika kanda, huandika hadi megabaiti 360 kwa sekunde bila hata kubana data. Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Data ikija kidogo kidogo, draivu hupunguza mwendo ili iende nayo sambamba, lakini kuna kiwango haiwezi kushuka chini yake. Ikifika hapo utepe husimama, hurudi nyuma, huanza tena. Ukisimama kando ya raki utausikia ukienda na kurudi kama msumeno wa mkono, na kila safari inaula utepe na kichwa. Hapo mashine inabeba dhambi ya mtandao. Dawa yake inajulikana: nakala ziteremkie kwanza kwenye diski, kisha zimiminwe kwenye kanda kwa mkupuo.

Upande wa pili una hoja moja tu, ila ni hoja ya uhai. Diski iliyoko mtandaoni hufikiwa na msimamizi, kwa hiyo hufikiwa pia na mwizi aliyeiba nywila ya msimamizi. Wahalifu wanaofunga data ili walipwe huzitafuta nakala rudufu mapema, wakijua mwenye nakala nzima hatalipa. Kanda iliyo kabatini haifikiwi na amri yoyote. Na hatari si wezi peke yao. Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, na iligusa nakala kadhaa kwa pamoja ingawa zilihifadhiwa katika vituo tofauti. Google ilizirejesha barua hizo kutoka kwenye kanda.

Lakini tuseme kweli: kanda inayolala ndani ya roboti mwaka mzima haina kinga hiyo, kwani amri moja inaweza kuipakia na kuifuta. Ofisi isiyotoa kanda zake nje inabeba mzigo wote wa kanda na kukosa faida yake kubwa. Kwa ofisi hiyo, hifadhi ya diski iliyofungwa isibadilishwe kwa muda uliowekwa ni nafuu, na nisingewazuia kuhama. Wanaohamia kwenye wingu nao wapige hesabu ya siku ya maafa: kurejesha terabaiti 100 kwa njia ya gigabiti 1 ni zaidi ya siku 9, hata njia hiyo isipotumika kwa kazi nyingine.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita kwa haraka ni kanda za zamani. Kinachojua kanda ipi ina faili lipi ni katalogi ya mfumo. Ukifuta mashine pamoja na rekodi zake, unabaki na makasha yasiyo na anwani, na kuyasoma upya moja baada ya jingine ni kazi ya wiki. Programu ikikataa kuifuta kwa sababu bado kuna nakala ambazo muda wake haujaisha, usiilazimishe. Kuna pia funguo: tangu LTO-4, draivu inaweza kusimba data yenyewe, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo, na funguo kwa kawaida hutunzwa nje ya kanda. Seva ya funguo ikizimwa siku hiyo hiyo, kanda zilizosimbwa zinakuwa plastiki tupu. Tena kuna vizazi. Draivu za mpaka LTO-7 zilisoma vizazi viwili vya nyuma, ila LTO-8 husoma kimoja tu. Mwenye kanda za LTO-6 akiuza mashine yake leo, draivu mpya ya LTO-8 au ya kizazi cha baadaye haitamfaa.

Kwa hiyo mimi niko na wanaotaka kuiondoa, kwa sharti la mpangilio. Kwanza itolewe tu kwenye ratiba ya kuandika, ibaki inasoma. Nakala ambazo bado zinatakiwa kisheria zihamishwe, na katalogi na funguo vihifadhiwe mahali pawili. Draivu moja iwekwe hai hadi kanda ya mwisho imalize muda wake. Na kabla ya hayo yote, chukua kanda kongwe kuliko zote kabatini, rejesha faili moja kwenye seva nyingine, kisha mwite mwenye faili alifungue mbele yako. Lisipofunguka, acha kebo ilipo na anza kutafuta ni nini kingine kimeshapotea.