Nani Anabaki na Chaki?

Mmisionari mlei si padre wala sista. Ni mwalimu, nesi au mhasibu anayetumwa na kanisa lake nchi ya mbali, mara nyingi kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Akifika Kigoma au Tabora, parokia hufurahi, na ina haki ya kufurahi: sekondari iliyokosa mwalimu wa fizikia imepata wa kuingia darasani.

Shida huanzia kwenye ikama, yaani idadi ya walimu ambao shule inatakiwa kuwa nao. Mgeni akishika vipindi vyote vya fizikia, upungufu hauonekani tena kwenye taarifa, na mwalimu ambaye angeletwa hupelekwa penye kelele zaidi. Kisha kuna kalenda. Mwaka wetu wa masomo huanza Januari. Mkataba ulioandikwa kwa kalenda ya Ulaya au Marekani unaweza kuisha Juni. Kidato cha nne wanabaki na miezi mitano kabla ya mtihani wa Novemba, na aliyefundisha mada za mwanzo hayupo. Kosa hili linazuilika kwa sentensi moja tu ndani ya mkataba: aondoke Desemba.

Kwa lugha, mgeni anafaa na hafai. Mtoto wa Kasulu huongea Kiha nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukuta karibu kila kitu kwa Kiingereza. Kumsikia anayekiongea Kiingereza kila siku kunamsaidia sana. Lakini mtoto huyo alijifunza "usanisinuru" (kwa Kiingereza "photosynthesis"), na mgeni asiyelijua neno hilo hana daraja la kumvushia. Darasa huitikia "yes" bila kuelewa. Wakiingia wawili, mgeni na mwalimu wa hapa, pengo hilo huzibika.

Wanaosema umisionari wa walei ni utegemezi tu wanasahau Adrian Atiman. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na shirika la wamisionari Wakatoliki la Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Alikuwa mlei, mgeni, na hakuwa Mzungu. Lakini alikaa miaka 67. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 hairuhusu maisha ya namna hiyo kirahisi: kibali cha kazi za dini na hisani, daraja D, kina ukomo wake. Basi makabidhiano yapangwe tangu siku ya kwanza.

Upande wa uongozi, fedha ndiyo kipimo. Mgeni akiwa mtia saini pekee wa akaunti ya mradi, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na kamati ya shule hujifunza kumsubiri. Watia saini wawe watatu, wawili wakitosha, na yeye asiwe miongoni mwao. Kazi yake iwe kumfundisha mhazini kufunga hesabu kila mwezi. Mwanzoni mambo yatakwenda polepole, na wafadhili watalalamika. Wavumilie.

Kwa maoni yetu, mgeni mmoja anafaa zaidi chuo cha ualimu, Kasulu au Tabora, kuliko kwenye sekondari moja. Akilazimika kwenda sekondari, parokia iulize kabla ya kuomba kibali: Januari itakayofuata kuondoka kwake, vipindi hivi vitashikwa na nani? Kama hakuna jina la kuandika, ombi lisubiri.