Vidole Vitatu, Kipanya na Nguzo ya Mama Mkwe

"Inasoma fonti." Ndilo neno pekee ninaloambiwa na programu yangu ya kuhariri picha tangu asubuhi, yaani eti bado inapitia aina za maandishi. Inasoma fonti. Ingekuwa mwanafunzi, saa hizi ingekuwa imeshahitimu chuo kikuu na kuanza kulalamika haina kazi.

Jamani, mimi ni mtu mzima mwenye heshima zake. Nina miwani ya kusomea. Nina flashi mbili, na moja bado ina kifuniko chake. Sijaiomba programu hii ya kuhariri picha miujiza. Nataka kuondoa nguzo ya umeme, basi.

Nguzo yenyewe imeota kichwani kwa mama mkwe. Ile picha ya ukoo mzima, ambayo tumekubaliana ndiyo itakayotundikwa sebuleni, yeye yuko katikati, amependeza, amekaa kimalkia, na kutoka utosini pake inapanda nguzo na waya zake tatu, kama vile ndiye anayegawa umeme mtaa mzima. Mke wangu aliiona jana usiku. Akasema, "Baba, mama anakuja kesho jioni. Asiikute hivi." Nami kwa ule ujinga unaomjia mwanamume akiwa ameshashiba, nikajibu, "Hiyo ni kazi ya dakika tano."

Nani alinituma kutaja dakika?

Ya mwanzo mnayajua, siwachoshi. Nikabofya mara mbili. Kile kibango cha kukaribisha kikatokea, kikaning'inia, kikatoweka. Bila kwaheri. Nikabofya tena, kikatokea, kikatoweka. Safari ya nne nikafungua ule ubao unaokuja ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc, nione nini kinaendelea humo ndani, na kumbe programu ipo! Imo ndani, mara nne, inakula RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kimyakimya. Yaani ipo nyumbani, imezima taa, inakuchungulia kwa upenyo wa pazia kama mtu anayedaiwa kodi. Nikazifunga zote nne kwa mkono wangu mwenyewe, nikawasha kompyuta upya.

Safari hii ikasema kitu. Ikasema MSVCP140.dll haionekani. Nikaisoma mara tatu kwa sauti. Hiyo si lugha, hiyo ni namba ya lori. Nikaenda kuitafuta intaneti, zikajitokeza tovuti kumi zinazotaka kunipa hilo faili bure, tena kwa upendo wa kutisha. Hapo ndipo mtu akili zake zinapopimwa. Bahati nzuri nilishaungua huko nyuma: faili hilo huja ndani ya kifurushi cha Visual C++, na kifurushi unakichukua kizima kwa wenyewe Microsoft. Mtu anayekupa dll moja mkononi ni sawa na anayekuuzia kidonge kimoja bila pakiti. Nikasakinisha, ujumbe ukaondoka. Programu ikaanza kusoma fonti.

Nikasasisha draiva, ile programu ndogo inayoendesha kadi ya michoro. Kioo kikawa cheusi sekunde chache, nikakumbuka dhambi zangu zote. Kikarudi. Inasoma fonti.

Nikatazama video. Kijana anasema tatizo hili ni rahisi sana, kisha anabofya menyu ambayo mimi kwangu haipo.

Halafu nisikie mtu akiniambia teknolojia imesonga mbele. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa huko Marekani, aliandika kijiprogramu ili kompyuta yake ya Macintosh Plus, yenye kioo cha nyeusi na nyeupe tu, iweze kuonyesha rangi za kijivu. Akashirikiana na mdogo wake John, na mwaka 1990 dunia ikapata Photoshop ya kwanza, babu wa programu hizi zote. Ilikuja kwenye flopi, zile diski bapa za zamani! Mimi kompyuta yangu ina RAM ya GB 8, ambayo ukiipima kwa flopi za MB 1.44 unapata zaidi ya flopi 5,000. Na hii yangu, ambayo siitaji jina kwa sababu ugomvi wetu haujaisha, inaniambia bado inasoma.

Nikaamua kumpigia mpwa wangu. Mnamjua mpwa wa aina hii, kila ukoo unaye mmoja. Hana kazi maalumu ila anajua kompyuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Programu haifunguki."

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

Nikanyamaza. Kuna maswali mtu mzima hajibu.

"Haya mjomba," akasema, "faili la mipangilio limeharibika hilo. Kompyuta ilizimika ghafla juzi, au siyo? Basi programu ilikuwa inaandika mambo yake, ikakatizwa katikati. Sasa kila ikiamka inasoma upuuzi. Tunalifuta, itajitengenezea jipya. Bofya ikoni mara mbili, na palepale ushike Ctrl, Alt na Shift. Zote tatu. Usiachie mpaka ikuulize kitu."

Sikilizeni. Ninayo mikono miwili. Mmoja umeshika simu. Mwingine uko kwenye kipanya. Vitufe ni vitatu, na anataka vyote kwa pamoja, na "palepale".

"Weka simu kwa spika, mjomba."

Spika ya simu yangu ilikufa zamani. Nikaibana simu kati ya sikio na bega, shingo imelala upande kama kuku anayesikiliza mwewe. Mkono wa kushoto nikautandaza kwenye kibodi: kidole kidogo Shift, cha pete Ctrl, gumba nikalituma Alt. Gumba likagoma. Lina baridi yabisi hilo, halijapokea amri ya ghafla tangu ujana wake. Nikalisogeza polepole, likafika. Nikabofya.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Kabla ya kubofya au baada?"

"Wakati wa kubofya!"

"Inatakiwa baada, mjomba. Lakini mara moja. Usichelewe, usiwahi."

Usichelewe, usiwahi! Hata ndege inayotua haipewi masharti hayo. Tukaanza upya. Nikabofya, nikatandaza vidole, gumba likachelewa. Inasoma fonti. Tukaanza upya. Nikawahi mno, kompyuta ikadhani namaanisha jambo jingine, ikanibadilishia lugha ya kibodi. Tukaanza upya. Safari hii vidole vyote vilifika, lakini shavu langu likabonyeza kioo cha simu, nikajikuta namtazama mpwa wangu kwa video. Naye ananitazama. Anaona sikio.

"Mjomba," akasema taratibu, "hilo ni sikio?"

Nikakata. Nikapumua. Nikampigia tena, akanisalimia upya kana kwamba hatujuani, na huo ndio uungwana wake, siusahau.

Hapo mke wangu akapita, akakuta nimejikunja juu ya meza, shingo upande, vidole vimetandaa, ulimi nje. Akaniuliza kama aite daktari au mpiga picha. Nikamwambia aje ashike Ctrl. Akaja. Akashika Ctrl, mimi nikachukua Alt na Shift, mpwa akahesabu kwenye simu: "Moja, mbili, sasa!" Tukabonyeza. Miaka yote ya ndoa hatujawahi kufanya jambo kwa pamoja kwa umakini namna ile, hata siku ya kukata keki hatukuwa vile.

Na kikatokea! Kisanduku kidogo katikati ya kioo, kinauliza kama nataka kufuta faili la mipangilio. Ndiyo au Hapana.

Sasa ndugu zangu, mtu umelelewa kwamba kompyuta ikikuuliza kama unataka kufuta, unasema hapana. Ni malezi. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikabofya Hapana.

Kimya. Mke wangu akatoa kidole chake kwenye Ctrl polepole, akaenda jikoni.

"Mjomba? Imekuuliza?"

"Haijauliza," nikasema. "Tuanze upya."

Ilinichukua mara sita nyingine, peke yangu. Nikabofya Ndiyo, nikafumba macho. Nilipofumbua, fonti zilikuwa zimeshasomwa, zote, kwa sekunde nne hivi. Ikapita kwenye brashi, ikapita kwenye plagini, ikapita kila mahali, halafu ikasimama na kuniambia haiwezi kufunguka kwa sababu diski imejaa.

Diski imejaa! Mpwa akanieleza kwamba RAM isipotosha, programu hizi huazima nafasi kwenye diski na kuandika mambo yake humo kwa muda, na diski C yangu haina hata pa kuweka sindano. Akaniambia dawa zipo mbili. Ama nifute vitu, ama nishike Ctrl na Alt wakati inafunguka, niielekeze ikaazime kwenye diski nyingine.

Nikamwambia nitafuta vitu.

Basi nimekaa hapa nafuta. Nimeanza na picha, maana ndizo zilizojaa, miaka tisa ya sherehe na misiba, kila moja imepigwa mara saba ili mmoja asiwe amefumba macho. Unafuta sita, unabakiza moja. Kazi nyepesi. Ila nilipofika kwenye harusi ya shemeji mkubwa nikasita kidogo. Mama mkwe yuko pale, amependeza, na kichwani pake pamesimama spika ya muziki. Nikacheka, nikaendelea. Kwenye mahafali ya binti yetu ana mti. Mti mzima, na matawi yake. Kwenye ile ya bustanini ana mnara wa simu. Ile ya ukumbini, saa ya ukutani imemkaa sawasawa nyuma ya kichwa, saa nne na dakika kumi, mishale imechanua kama masikio ya sungura.

Nimerudi nyuma miaka yote tisa. Nimehesabu picha 31. Sijapata hata moja ambayo mama yule hana kitu kichwani. Na zote 31, nimeangalia vizuri nani hayumo kwenye picha, kwa sababu asiyekuwemo ndiye aliyeshika kamera. Ni shemeji yangu mdogo. Kitinda mimba. Yule mpole, anayejitolea kupiga kila mara, "nyie kaeni tu, mimi sipendi kutokea".

Mama mkwe ameshafika. Namsikia mlangoni anasalimiana na mke wangu. Na huyo kitinda mimba amekuja naye, namsikia anauliza kama leo tutapiga picha.