Mpe fundi filta mbili

Pawasoo yangu, ule msumeno wa injini, ilifia Kisauni, juu ya gogo la mwembe, mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma kweli kweli. Ilipungua nguvu, ikazima, na tulipovuta kamba ikaja nyepesi kama hakuna kitu ndani. Papo hapo nikamgeukia fundi aliyekuwa akiiendesha: umepunja oili kwenye petroli. Akanijibu kwa adabu, "La, mzee, nimepima, oili moja kwa petroli hamsini." Sikumwamini.

Makanika alipofungua silinda, tulikuta pistoni imekwaruzika upande wa kuingilia hewa, imechujuka na kuwa kijivu. Upande wa ekzosi ulikuwa mzima. Injini iliyokosa oili kwa kawaida huumia upande wa ekzosi, penye moto mkali. Yangu ilikuwa imekula vumbi. Nilirudi kwa fundi nikamwomba radhi. Naandika haya kwa sababu ugomvi kama ule naukuta mara kwa mara, na lawama humwangukia kijana aliyeshika mashine.

Kupasua mbao si sawa na kuangusha mti. Tawi unalikata mara moja, unapumzisha mashine. Ukipasua, injini inanguruma kwa nguvu zake zote urefu mzima wa gogo, mara nyingi imelazwa ubavu, na vumbi linatemwa pale pale ilipo. Tena hii ni injini ya tustroki, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili: hewa hupita kwenye kabureta, inapokutana na petroli, ikashuka chumba cha kranki kilicho chini ya pistoni, ndipo ikapanda kwenye silinda. Vumbi lililoponyoka filta, yaani chujio la hewa, hukutana na oili huko chini, likawa uji wa msasa unaosugua beringi kwanza, kisha pistoni.

Miti yetu ya Pwani nayo ina mambo yake. Mnazi una ganda gumu la nje linalotia cheni ubutu upesi, na cheni butu haitoi chembe, inatoa unga. Mwembe mbichi hutoa vumbi lenye maji, linaganda kwenye filta kama ugali kwenye sufuria.

Hapo ndipo kosa kubwa linapoanza. Filta ikiziba, petroli inazidi hewa, moshi mweusi unatoka, mashine inakuwa nzito. Fundi mwenye haraka anashika bisibisi, anapunguza petroli kwenye kabureta. Inachangamka. Jioni filta inasafishwa, hewa inarudi kwa wingi, lakini ile skrubu imebaki palepale, na kesho yake injini inaungua kwa kukosa petroli, ambayo ndiyo inayoibeba oili. Wengine huivua filta kabisa eti mashine ipumue. Hilo naliita kuua mashine mchana kweupe.

Sisi wenye mashine tuna sehemu kubwa ya kosa. Tunazikodisha kwa siku, tunahesabu mbao, tunamkabidhi kijana filta moja iliyochoka, halafu tunataka asisimame. Ataisafisha saa ngapi? Akiiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, lazima ikauke kabisa kabla ya kurudishwa, na kukauka kunataka muda. Akiipuliza kwa kompresa kutoka nje, anausukuma uchafu ndani zaidi, au anaitoboa. Apulize kutoka ndani kuja nje, kwa upepo mdogo. Ndiyo maana nasema filta mbili: moja inafanya kazi, moja inakauka. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na pistoni na silinda.

Soksi nyembamba ya nailoni juu ya filta nayo inasaidia, mradi iwe nyembamba na ikung'utwe. Kitambaa kizito kinaikaba injini. Na gogo lipangwe kwa kuangalia upepo. Kusi na kaskazi tunazijua tangu utotoni, basi tusimame mahali ambapo upepo utalipeleka vumbi mbali na mashine.

Mwembe ule tuliumalizia baadaye, mashine ikiwa na pistoni mpya. Fundi aliweka filta ya pili ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko. Kila tangi lilipokwisha, alipangusa juu ya mashine kwa brashi ya rangi, akafunga choki, kile kilango cha hewa, vumbi lisidondokee kwenye kabureta, ndipo akafungua na kubadilisha. Jioni aliniletea filta niione kwa ndani. Ilikuwa nyeupe.