Gari lililoshushwa kwa kompyuta

Picha za magari yaliyobadilishwa, yale ya rimu pana na bodi iliyolala karibu kugusa lami, ni nadra kutoka kwenye kamera zikaachwa vilevile. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu mtupu. Wengine hujibu kwamba gari lenyewe limeshabadilishwa, kwa nini picha yake isiguswe? Nionavyo, wote wanabishania kiasi cha kuhariri, wakati la kuuliza ni kilichohaririwa.

Chukua ile picha ambayo magurudumu yanazunguka, barabara imevutika nyuma, lakini bodi imetulia tuli. Mara nyingi gari hilo halikufikia hata mwendo wa baiskeli. Kamera hufungwa kwenye ncha ya bomba refu lililoshikizwa kwenye bodi kwa vikombe vya kunyonya, gari likasukumwa polepole kwa mikono, na kamera ikaachwa wazi sekunde kadhaa. Kazi yenyewe huja baadaye, kwenye kompyuta. Bomba limekatiza katikati ya picha na, mbaya zaidi, linaonekana tena kwenye mng'ao wa mlango na boneti. Mhariri hulifuta, kisha huijenga upya rangi iliyofunikwa, kipande kwa kipande, akifuata mkunjo wa bati. Ni picha iliyoguswa mno. Hata hivyo rimu ni zilezile, kimo ni kilekile. Kilichoongezwa ni mwendo tu.

Linganisha na kazi ya dakika chache: unaikata bodi, unaiweka kwenye leya yake, yaani tabaka la picha linalosogezwa peke yake, unaiteremsha mpaka fenda zifunike ukingo wa tairi. Gari limeshuka! Karakanani, kimo hicho kingedai springi fupi au mifuko ya hewa, na pengine kukunja kingo za fenda kwa ndani, maana usukani ukikatwa tairi hukwaruza. Picha haikati kona. Anayeitoa kama kazi ya mikono yake anadai sifa, na labda pesa, za kazi ambayo haikufanyika. Vivyo hivyo anayefuta mwanya usiolingana kati ya mlango na fenda: mguso ni mdogo, lakini amefuta ushahidi dhidi ya fundi.

Watetezi wana hoja. Kutia chumvi hakukuanza na Photoshop, programu ya kuhariri picha iliyotoka 1990. Art Fitzpatrick na Van Kaufman, waliochora matangazo ya magari ya Pontiac ya Marekani miaka ya 1960, waliyapanua magari hayo kwenye karatasi kuliko yalivyokuwa. Sawa, ila ule ulikuwa mchoro, na kila mtu aliuona ni mchoro. Kwa mantiki hiyo, kumwonyesha mteja gari lake likiwa na rimu na bampa nyingine kabla bati halijakatwa ni busara tupu, mradi aambiwe ni mchoro.

Inayonipa shida ni rangi. Zile zinazogeuka kadiri unavyolizunguka gari, kamera yenyewe hushindwa kuzishika. Ukiziacha bila kurekebisha, unaonyesha kitu ambacho macho hayakukiona. Ukizidisha kidogo, umelipulizia gari rangi mpya bila kushika bomba la rangi. Hapo sina kipimo zaidi ya jicho la aliyesimama kando ya gari. Ndiyo maana anayetafuta fundi ningemshauri aombe, pamoja na picha nzuri, video ya simu iliyochukuliwa mchana, mtu akilizunguka gari taratibu, kisha usukani ukatwe mpaka mwisho, kulia na kushoto.